Jiwe la Baba, Konokono wa Mutoto

Leo ninataka kuwaeleza habari ya konokono. Musicheke kwanza! Hata sisi nyumbani Likasi tulianza kwa kucheka.

Mwaka 2016 jirani yetu mumoja, mugeni, alimaliza kazi yake akarudi Ulaya. Alituachia sanduku lake la kioo la kufugia samaki, lile wanaita akwariumu. Samaki hawakuwamo tena. Walibaki konokono 4 wa rangi ya manjano, kila mumoja sawa limau ndogo. Bibi yangu akasema: "Papa, batu banatafuta unga, weye unaleta konokono mu nyumba?" Lakini mutoto wetu wa pili, aliyekuwa na miaka 11, aliwapenda tangu siku ya kwanza. Kazi yote akaichukua yeye.

Pole pole tukajifunza. Konokono hawa asili yao ni Amerika ya Kusini. Wanapumua kwa namna mbili: ndani ya maji sawa samaki, na tena kwa pafu. Wana bomba laini wanalosukuma mpaka juu ya maji ili kuvuta hewa. Usiku wanapanda kioo, na kama hakuna kifuniko, asubuhi unawakuta chini ya meza. Mutoto aliwapa matango na lengalenga iliyochemshwa kidogo, na mabaki akayatoa kesho yake, juu maji yasioze. Magamba yao yalipoanza kumomonyoka, tukaambiwa maji yamekosa chokaa. Tukasaga maganda ya mayai, tukatia ndani, wakapona. Jioni, hata bibi yangu alikuwa anavuta kiti kuwatazama.

Basi, mwezi wa 4 mwaka 2017, nilitaka kumufurahisha mutoto. Sisi watu wa shaba tunajua malakiti, lile jiwe la rangi ya majani wanalochongea shanga na kuuzia wageni. Nilikuwa na kipande kizuri, nikakiosha, nikakiweka katikati ya akwariumu. Kilipendeza kabisa.

Kesho yake konokono hawakula. Walipanda wote juu, kama watu wanaotafuta mulango. Siku ya tatu walikuwa wamelala chini, na maji yananuka. Mutoto alilia sana. "Papa, nimewafanya nini? Pengine niliwapa chakula kibaya?" Nikamwambia: "Nyamaza, wanyama wanakufa tu."

Lakini moyo wangu haukutulia. Nikamuuliza mwalimu mumoja wa biolojia. Akashika kichwa. "Malakiti ni shaba, Papa. Ikikaa ndani ya maji inatoa shaba kidogo kidogo, na konokono hawezi kuivumilia." Akaniambia kwamba zamani wakubwa wa afya walimwaga dawa ya shaba katika mifereji kusudi waue konokono wa bilharzia. Akaongeza neno lililonishangaza: damu ya wale konokono wetu inabeba hewa kwa nguvu ya shaba, kama yetu inavyobeba kwa nguvu ya chuma. Shaba kidogo ndani ya mwili ni uzima wake, kuzidi ni kifo.

Mimi niliyekula mukate wa shaba miaka 20, sikujua. Nikarudi nyumbani, nikatoa jiwe kimya kimya. Sikumwambia mutoto. Niliona haya.

Wapendwa, hapo njo kosa langu kubwa. Jiwe niliweka kwa kukosa kujua, lakini kunyamaza nilinyamaza nikijua.

Mutoto akabaki anafikiri ni yeye aliyewaua. Akataka kurudisha. Siku ya posho mama yake alimukuta anamwaga kopo la maziwa ndani ya akwariumu. Mulikuwamo konokono wadogo, bapa, waliozunguka sawa kamba iliyokunjwa. Bibi yangu ni muuguzi. Akapiga kelele: "Weye, hii umetosha wapi?" "Ku mutoni, Mama. Nilienda mara tatu."

Akamunawisha mikono, akaua konokono wale kwa maji ya moto, halafu akatukalisha chini. Konokono wa namna ile anaweza kubeba bilharzia. Mutu mugonjwa anachafua mto kwa choo chake, kidudu kinaingia ndani ya konokono, kinazaana humo. Baadaye vinatoka vingi mchana, vinatoboa ngozi ya mutu aliye ndani ya maji, na yeye hata hasikii. Si kila konokono anavyo, lakini kwa macho huwezi kutambua.

Usiku ule nilikwenda kuketi kwenye kitanda cha mutoto. "Mutoto wangu, si weye. Ni jiwe langu lililowaua." Akanyamaza, halafu akauliza: "Sasa Papa, juu ya nini haukusema?" Sikuwa na jibu. Nikaomba musamaha.

Asubuhi tulisafisha akwariumu pamoja. Chini ya kifuniko tukakuta shada la mayai, ya rangi ya waridi iliyofifia. Konokono hawa hutaga juu ya maji, si ndani, kwa hiyo shaba haikuyafikia. Tukaweka maji mapya. Kisha wiki moja wakaanguliwa watoto wadogo sawa punje za mutama.

Kwa mutoto wetu tulingoja wiki 6, maana mbele ya hapo mayai ya bilharzia hayaonekani katika choo. Walipopima, yalikuwamo. Alipewa vidonge vya praziquantel kwa kadiri ya uzito wake, akapona. Mungu asifiwe.

Vijana, mukitaka kufuga konokono, chukueni wale waliozaliwa ndani ya akwariumu, wala si wa mtoni. Musiweke jiwe lolote la madini, wala dawa ya samaki yenye shaba. Na wakizidi, musiwatupe mtoni. Wageni hawa wanaweza kumaliza majani ya mto.

Nasi wazazi, tukikosa, tuseme siku ile ile. Mutoto wangu hakwenda mtoni kwa ukaidi. Alikwenda kulipa deni langu.