Huck Finn Alipofika Buna

Kila jioni baada ya swala ya magharibi, ayeeyo alikuwa ananipa kibuyu cha maziwa ya ngamia na maneno yaleyale: mpelekee yule adoon, asilale njaa.

Kwa asiyejua Kisomali, adoon ni mtumwa. Ayeeyo hakuwa anatukana. Maziwa yenyewe kipindi cha kiangazi yalikuwa hayatutoshi sisi, na bado alimtengea yule mtu fungu lake. Alikuwa anamzungumzia mwalimu wetu wa Kiingereza, mtu wa Magharibi ya Kenya, na hilo ndilo jina alilorithi kwa mama yake la kumwitia mtu wa aina hiyo. Adoon, nywele ngumu, mtu wa down: kwetu yalikuwa maneno ya kawaida kama mrefu na mfupi. Nilikuwa na miaka 15, na sikuwahi kujiuliza kama Mwalimu anaelewa. Alikuwa anaelewa. Umekaa mahali miaka mitatu, utakosaje kujua unaitwaje?

Buna iko Wajir Kaskazini, kwenye barabara ya vumbi inayotoka Wajir kwenda Moyale. Ukisoma historia ya Vita Kuu ya Pili utaikuta mara moja, mwaka 1940, Waitaliano walipoteka Moyale wakasogea hadi hapo. Baada ya hapo vitabu vinatusahau. Labda ndiyo maana nilipenda sana sanduku la bati alilokuwa nalo Mwalimu chini ya kitanda, limejaa vitabu vya watu wanaoenda mahali. Nilisoma Kisiwa chenye Hazina. Nilisoma Mashimo ya Mfalme Sulemani, ambamo Mwafrika mmoja anageuka kuwa mfalme na wengine wengi wanabeba mizigo. Mashujaa wa vitabu hivyo walikuwa jasiri ukurasa wa kwanza na wakabaki jasiri mpaka wa mwisho. Niliona hivyo ndivyo ushujaa ulivyo, mtu anazaliwa nao kama urefu.

Halafu akanipa Adventures of Huckleberry Finn, ya Mark Twain. Siku ya pili nikamrudishia.

“Mwalimu, huyu jamaa hajui grammar.”

Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia niisome kwa sauti, ndivyo mtoto wa kando ya mto Mississippi anavyoongea. Nikasoma. Nikafika kwenye lile neno wanaloitwa watu weusi humo ndani, neno linalojirudia zaidi ya mara 200. Mwaka 2011 kuna mchapishaji Marekani aliyeliondoa akaweka “slave”, watu wakabishana sana. Mimi sikulijua. Nikamuuliza maana yake.

Mwalimu alikitazama kibuyu kilichokuwa mezani. Akasema, “Muulize ayeeyo.”

Sikumuuliza. Nilirudisha kitabu sandukuni, na kwa wiki kadhaa nilikuwa naacha maziwa mlangoni na kuondoka haraka.

Novemba 22, 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa na al-Shabaab. Abiria walitenganishwa, wasioweza kuthibitisha Uislamu wakauawa, watu 28. Kati yao walikuwemo walimu waliokuwa wanaenda nyumbani likizo ya Desemba. Shule zilipofunguliwa Januari, walimu wengi wa down hawakurudi kaskazini, na nani angewalaumu? Mwalimu wetu alirudi. Alishuka kwenye gari na begi moja, akakuta watahiniwa wa kidato cha nne wanajifundisha wenyewe, akachukua chaki.

Sasa niseme hili ambalo sijawahi kuliandika.

Mwezi wa pili, jioni moja, nilikuwa kisimani na punda. Ikaja Land Cruiser yenye wanaume wawili. Walisalimia vizuri, kwa Kisomali, ila matamshi hayakuwa ya kwetu. Mmoja akauliza: wale walimu wa down wanalala wapi?

Nimelelewa kwamba mgeni akikuuliza njia unamwonyesha, na kwamba uongo ni dhambi. Nikanyoosha mkono. Ile plot ya mlango wa bluu, nyuma ya mwarobaini.

Mwalimu hakuwepo. Alikuwa kwa jirani anaangalia mpira. Wale watu walibisha hodi, wakasubiri kidogo kwenye gari, wakaondoka. Hatujui walikuwa nani mpaka leo. Inawezekana walikuwa wafanyabiashara tu. Kesho yake darasani Mwalimu aliuliza, bila hasira, ni nani aliyewaelekeza. Niliangalia kucha zangu. Darasa zima likanyamaza, na mimi nikanyamaza ndani ya ukimya wao. Siku ya tatu aliondoka na gari la miraa lililokuwa linarudi Meru tupu. Sanduku aliliacha. Wiki chache baadaye, Aprili 2, ikawa Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148.

Huck nilimmaliza miaka miwili baadaye, Nairobi, nimejifungia kwenye chumba cha binamu yangu South C. Niliyemkuta hakuwa shujaa niliyemtarajia. Huck ni mtoto wa mlevi, mwongo, mwizi wa matikiti. Yuko kwenye chelezo na Jim, mtu mweusi anayetoroka utumwa, na dhamiri yake inamsuta kila siku. Si kwa sababu utumwa ni mbaya, la. Inamsuta kwa sababu anamwibia mwanamke mcha Mungu mali yake. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na kila mtu mwema aliyewahi kumjua. Anaamua atamchongea. Anapanda mtumbwi kwenda kufanya hivyo, na wanaume wawili wenye bunduki wanamsimamisha. Wanatafuta watoro. Wanamuuliza: mtu wako kwenye chelezo ni mweupe au mweusi?

Niliweka kitabu chini. Nilitoka nje nikanunua maji ambayo sikuwa nayahitaji.

Huck anadanganya. Anasema ni mweupe, na kwa ujanja anawaacha waamini mgonjwa wa ndui yuko mle, mpaka wanarudi nyuma wakimtupia dola 40 za kumpoza. Na kinachoniumiza ni kwamba hajisifu. Anarudi kwenye chelezo akijiona mtoto aliyeharibika, asiyeweza kutenda lililo sawa. Mimi nilisema kweli, nikalala vizuri usiku ule.

Baadaye anaandika barua ya kumsaliti Jim, anaishika mkononi akitetemeka, kisha anaichana akiamini kabisa kwamba amejichagulia moto. Halafu mwishoni anakuja Tom Sawyer, ambaye amesoma vitabu vyote vya mashujaa. Anapanga ukombozi wa Jim wenye kamba na vitisho, huku anajua Jim ameshaachwa huru kwenye wosia. Wengi huona sehemu hiyo imeharibu kitabu. Mimi naona Twain anatucheka sisi wenye masanduku ya vitabu.

Desemba 21, 2015, karibu na El Wak, basi jingine la Mandera lilisimamishwa. Wauaji wakataka Waislamu wajitenge. Abiria wakakataa. Wanawake walikuwa wamewavisha hijabu zao wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi kwenye basi lile, akafariki Januari mwaka uliofuata, hospitalini Nairobi. Filamu iliyotokana na tukio hilo, Watu Wote, ilifika hadi uteuzi wa Oscar mwaka 2018. Nimeitazama mara moja tu, siwezi mara ya pili. Wale mama waliofungua mitandio yao kumfunika mtu, hakuna aliyesoma Twain.

Siku habari hiyo ilipofika Buna, ayeeyo alikuwa ameshika redio karibu na sikio. Alisikiliza mpaka mwisho, akaizima ili asimalize betri. Kisha akaniuliza: yule mwalimu wako wa maziwa, jina lake lilikuwa nani?

Nikamwambia. Akalirudia mara mbili, vibaya, akijaribu.

Kuna mahali Huck anamfanyia Jim mzaha wa kikatili, kisha anajilazimisha kwenda kumwomba msamaha. Inamchukua dakika 15 kujishusha. Mimi imenichukua zaidi ya miaka kumi. Mwezi uliopita nilipata namba yake kwa mwanafunzi mwenzangu. Anafundisha karibu na kwao sasa. Alipokea kwa mlio wa tatu, akanitambua kwa sauti kabla sijajitaja.

“Mwalimu, shikamoo.”

“Marahaba. Ayeeyo hajambo?”

Nikamwambia ayeeyo alifariki 2021. Akanyamaza, akasema pole, akasema maziwa yale yalikuwa na harufu ya moshi ambayo hajaipata tena. Nikasema, Mwalimu, kuna jambo la yule jioni wa Land Cruiser.

“Najua,” akasema. “Ulikuwa na punda wawili. Jirani alikuona.”

Kulikuwa na watoto wakipiga kelele upande wake. Akawaambia wangoje, wafungue kitabu. Halafu akarudi kwenye simu na kusema, “Haya. Sema sasa.”