Kurasini, Jirani ya Bandari

Sisi wakazi wa Kurasini tunaishi baina ya jiji na maji. Katikati ya Dar es Salaam si mbali nasi. Upande mmoja tunapakana na bandari na matangi ya mafuta. Upande mwingine mkono wa bahari waingia bara, na maji yake hujaa na kupwa penye mikoko. Majina ya mitaa yetu yahifadhi sura ya zamani: Mivinjeni yataja miti, na Shimo la Udongo lajieleza lenyewe.

Sifa kubwa ya mahali hapa, hata hivyo, ni ukarimu wake. Chama cha ukombozi cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Hapa Kurasini ndipo ilipokuwa Taasisi ya Msumbiji, ambamo vijana waliokimbia utawala wa Wareno walipata elimu. Msumbiji ilijipatia uhuru tarehe 25 Juni, 1975, na mwaka 1978 nchi hizi mbili zikaanzisha papa hapa Chuo cha Diplomasia. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kurasini iliutimiza msemo huo kwa vitendo.

Bandari inapokua hutaka nafasi. Tangu miaka ya 2000, baadhi ya jirani zetu wamelipwa fidia na kuhama ili kupisha upanuzi na miradi mingine. Mwaka 2016 likafunguliwa Daraja la Nyerere, lenye urefu wa meta 680, likatuunganisha na Kigamboni. Maendeleo hayo hatuyapingi, kwa maana bandari yahudumia taifa zima, pamoja na nchi jirani zisizo na pwani. Lakini fidia hupimwa kwa nyumba na kiwanja. Nani atampimia mtu ujirani wake? Zamani msiba ukitokea, jirani walifika kabla ya kuitwa. Na mtoto akipotoka, mzazi yeyote alimwonya kama wake. Leo waliohama huja mazishini kwa kupanda mabasi mawili.

Kwa hiyo twawaomba walimu wawatume wanafunzi kwa wazee wangali hai, wakaulize mitaa ilipataje majina, na nani aliishi wapi. Majibu yaandikwe daftarini. Nyumba zikibomolewa, daftari hizo ndizo zitakazowaonyesha wajukuu wetu mahali tulipoishi na jinsi tulivyoishi.