Dawa ya Mawazo Kutoka Guangzhou

Baba Mdogo,

Ujumbe wako nimeusikiliza wote. Kwamba mdogo wangu tangu arudi kutoka machimboni halali, chakula anakigusagusa tu, na kwamba pale stendi ya Ushirombo yuko anayeuza dawa ya Kichina ya mawazo, ila mnataka mimi niliye huku nitume ile yenyewe.

Dawa ipo. Inaitwa Xiaoyao San, imo katika kitabu cha dawa cha utawala wa Song cha miaka zaidi ya 900 iliyopita. Huchanganywa mizizi ya chaihu na danggui, tangawizi, mnanaa na gancao. Lakini huku daktari hushika mapigo ya mikono yote miwili, hutazama ulimi, huuliza usingizi, choo, kilio. Dawa hupimwa kwa gramu, na mgonjwa akirudi hupunguziwa hiki, huongezewa kile. Nikituma kifurushi, daktari atabaki Guangzhou.

Sidharau miti, Baba. Mseto mnaomeza kwa malaria umetokana na pakanga ya Kichina. Tu Youyou aliifanyia kazi baada ya kusoma maandishi ya Ge Hong ya karne ya 4, akapewa Nobeli mwaka 2015. Lakini ilipimwa kwanza kwa wagonjwa wengi, ndipo ikafika zahanati zetu. Kwa sonona, yaani huo ugonjwa wa mawazo, Xiaoyao San haijafika hapo. Majaribio yapo, mengi madogo na dhaifu. Tena gancao ikizidi hupandisha presha. Hilo boksi la stendi msimpe.

Mpeleke Hospitali ya Wilaya, aeleze mwenyewe. Sonona ni ugonjwa, si uvivu, wala si lazima awe amerogwa. Akiandikiwa vidonge, avivumilie wiki kadhaa kabla ya kusema havifanyi kazi, na asiviache ghafla. Kama mmeshampa mitishamba, ya kwetu au ya Kichina, mwambieni daktari bila kuficha, kwa sababu dawa nyingine hugombana mwilini.

Na jambo hili naomba ulifanye leo: muulize taratibu kama anawaza kufa. Kumuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Akikubali, asiachwe peke yake, sumu ya pamba na kamba viondolewe nyumbani, mwende hospitali usiku huo huo.

Nauli na pesa ya dawa nimeituma kwa simu ya Mama. Mpe mdogo wangu simu nizungumze naye saa 2 usiku. Huku itakuwa saa 7, nitakuwa macho.