Ile Hela

Ujumbe ulinikuta Bweri, stendi ya Musoma, asubuhi moja ya Machi 2024, mguu mmoja ukiwa ndani ya gari la Bunda na mwingine bado chini. Maneno yake yalikuwa sita tu: ile hela itume kwenye namba hii. Muda mrefu umepita na bado nayarudia, kama mtu anayepitisha ulimi kwenye pengo la jino.

Siku hiyo kweli nilikuwa na hela ya kutuma. Fundi wa kuchomelea pale Bunda alikuwa anatengeneza grili za madirisha ya shangazi yangu, anayeishi Butiama, na jana yake usiku aliniambia nisimsubirishe hadi nifike. Nimtumie mapema akachukue vyuma dukani. "Nitakupa namba," alisema. Kwa hiyo namba ilipokuja ilinikuta nimeshakaa tayari kuipokea. Sikuangalia imetoka wapi. Kondakta alikuwa anatuharakisha, na mama wa kiti cha pembeni alikuwa ananiegemezea ndoo ya dagaa gotini. Nikafungua menyu, nikaandika namba, nikaandika shilingi 280,000 na ya kutolea juu yake, na kabla sijaweka namba ya siri, simu ikaniletea jina la mpokeaji. Lilikuwa jina la mwanamke.

Hapo ndipo ninapokwama kila ninapoisimulia habari hii. Simu ilisimama. Ilifanya kazi iliyopangiwa: ilinionyesha jina geni, ikasubiri nikubali au nikatae. Mimi ndiye niliyelitafutia jina lile mume. Atakuwa mke wa fundi, nilijiambia. Mafundi wengi hela zao hukaa kwa wake zao, na wanafanya vizuri. Sekunde mbili zilinitosha kumwoza mwanamke nisiyemjua kwa fundi ambaye sikuwahi hata kumuuliza kama ameoa. Nikabonyeza.

Bunda nilimkuta fundi ameketi juu ya tofali mbele ya kibanda chake. "Mzee, mbona kimya? Vyuma bado nakusubiri wewe." Nilielewa kabla hajamaliza sentensi. Nikapiga huduma kwa wateja, na dada aliyepokea alikuwa mpole kuliko nilivyostahili. Akaangalia, akanipa pole, akasema hela imeshatolewa kwa wakala, haipo tena kwenye laini ile.

Niseme na hili, maana ndilo linaloniuma kuliko hela. Mimi si mtu ambaye hakuonywa. Kwenye kikoba chetu cha Nyasho mimi ndiye niliyekuwa nasimama kila baada ya hesabu na kuwaambia kina mama wasimtajie mtu namba ya siri, wasiiandike nyuma ya simu, wasiweke mwaka wa kuzaliwa. Nilikuwa na sauti ya mtu anayejua. Namba yangu ya siri hadi leo haijui mtu mwingine yeyote, wala yule tapeli hakuihitaji. Niliulinda mlango kwa kufuli zuri, kisha nikaufungua mwenyewe na kumpokonya mgeni mzigo ili nimsaidie kuubeba.

Nilivyokuwa narudia yale maneno sita, nilianza kuliona neno moja kuliko mengine. *Ile*. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kwamba hii iko karibu nami, hiyo iko kwako, na ile iko mbali nasi sote. Hakutufundisha, au labda alitufundisha mimi nikiwa nimesinzia, kwamba ile ina kazi nyingine ndani ya nyumba. Mke humuuliza mumewe mbele ya wageni, "Umekumbuka kile kitu?" na wageni wanabaki na chai yao, maana kile ni cha wawili. Yule bwana, lile jambo, ile hela: ukisema hivyo umeshamvuta mwenzako upande wako, umemwambia kwamba mnajuana. Tapeli hakunijua jina wala kabila. Alirusha ujumbe ule kwa watu wengi, kama mvuvi anayetupa wavu gizani, akijua kwamba katika watu wengi hakosekani mtu mwenye deni la asubuhi ile, kodi, ada, au vyuma vya grili. Neno *ile* likamalizia kazi. Mimi ndiye niliyejua ni hela ipi. Yeye hakuhitaji kujua.

Nimewahi kufikiri kwamba dawa ni kurudi kwenye noti. Nilifikiri hivyo kwa hasira, kama wiki mbili. Lakini siwezi kujidanganya, maana nakumbuka ilivyokuwa kabla ya M-Pesa kuingia nchini mwaka 2008. Hela ya matumizi kutoka Mwanza ilikuja Musoma ndani ya bahasha mkononi mwa kondakta, na ulikwenda stendi na kusimama tangu saa tisa ukiomba basi lisiharibike na kondakta asiwe amebadilishwa. Bahasha nyingine zilifika nyepesi. Pale Mwigobero, wachuuzi wa dagaa niliowazoea walikuwa wakivuka kwenda visiwani na hela wameifunga kiunoni kwa kitenge, na kwenye mtumbwi hakuna mtu aliyezungumza kwa sauti kuhusu kiasi alichobeba. Leo wanavuka na simu ndani ya mfuko wa nailoni. Nani atawaambia warudi kwenye kitenge?

Shangazi mwenyewe ana historia yake na bati la majani ya chai. Alikuwa akiweka humo hela ya mahindi, akilifukia pembeni ya stoo, na mwaka mmoja mchwa waliingia kupitia kutu. Alizitoa noti zikiwa kama majani makavu. Baada ya hapo ndipo alipokubali nimsajilie laini ya hela, akaipenda, hadi Julai 2021 tozo ilipoanza kukatwa kwenye miamala ya simu. Akanipigia. "Baba, hela inasafiri imekaa tu mfukoni, halafu inalipa nauli kuliko mimi?" Akarudi kwenye bati, safari hii la plastiki. Serikali ilipunguza tozo ile kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, na baadaye ikaendelea kuilegeza, lakini shangazi alichukua muda. Nilimwona mkaidi. Nilimwambia dunia inakwenda, kwamba sasa Benki Kuu ina mfumo wa TIPS unaopitisha hela papo kwa papo kutoka mtandao mmoja hadi mwingine na hadi benki, kwamba hata muuza nyanya ana lipa namba. Alinisikiliza akichambua maharage. Mwishoni akauliza: "Na umeme ukikatika?"

Nilicheka. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili 2024, Jumatatu ya Pasaka, gridi ya taifa ilizimika, na fundi wangu akakaa na mashine yake ya kuchomelea kama mtu aliyefiwa. Mwezi uliofuata nikaenda kummalizia malipo, na hiyo ilikuwa Jumapili ya tarehe 12 Mei, siku nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu chini ya Bahari ya Hindi. Intaneti ikawa kama bomba la maji la kiangazi. Programu ya malipo kwenye simu yangu kubwa ilizunguka na kuzunguka. Fundi alinitazama, nadhani akihesabu ahadi zangu, kisha akatoa laini yake kwenye kitochi chake na kuniambia niweke yangu. Menyu ya nyota na reli haihitaji bando, ikafunguka. Nikamlipa mtu kwa simu yake mwenyewe, yenye tochi na vibonye vilivyofutika, huku yangu ya laki sita ikitupa joto tu mfukoni. Tangu siku ile ninaposikia swali kama nchi iko tayari kuacha noti, nakumbuka kile kitochi, na nakosa jibu la haraka.

Lakini nimetangulia mbele ya kosa langu la pili, ambalo ni baya zaidi.

Sikumwambia shangazi. Nilichukua 280,000 nyingine kwenye ada ya mtoto, nikamlipa fundi kidogo kidogo, na grili zilipochelewa shangazi akauliza kulikoni, nikasema fundi anazungusha. Ndivyo nilivyosema. Ilitoka kinywani kirahisi sana, kwa sababu kila mtu ana hadithi ya fundi aliyemzungusha, na hadithi ya namna hiyo haiombwi ushahidi. Sasa nikiitazama naona ni kazi ileile ya tapeli: nilimpa shangazi neno ambalo tayari alikuwa na mahali pa kuliweka. Siku grili zilipofungwa, alimkaribisha fundi chai kwa ukavu ambao sijawahi kuuona kwake. Yule kijana alikunywa nusu kikombe, akaomba ruhusa ya kuondoka. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa nakoroga sukari.

Tarehe 14 Oktoba, siku ya Mwalimu Nyerere, nilikuwa Butiama. Ilikuwa miaka 25 tangu afariki, na watu walikuwa wakipita kuelekea Mwitongo, kwenye kaburi lake. Tulikaa nyuma ya nyumba, shangazi na mjukuu wake na mimi, na simu yake ikalia ujumbe. Mjukuu akasoma kwa sauti. Ile hela itume kwenye namba hii.

Mikono yangu ilipoa. Shangazi hakuinua hata kichwa.

"Ipi?" akauliza.

Mjukuu akasema haikuandikwa.

"Basi mwache. Mwenye hela yake atasema ni ipi."

Nimelitafakari jibu lile kuliko mafunzo yote niliyowahi kuyatoa kwenye kikoba. Hela za shangazi zina majina. Iko ya mbolea, iko ya kanisa, iko ya msiba usiojulikana lini, na ndogo fulani ya soda za wageni. Zile za noti huzitenganisha kwa mafundo ya khanga, zile za simu huzihesabu kichwani, na huniambia, "Humo ndani kuna ya mbolea, usiiguse." Mtu akimwambia *ile*, yeye hana *ile*. Ana moja moja zenye wenyewe. Mimi nilikuwa na salio, namba moja tu chini ya kioo, na namba haina la kuuliza.

Nikamwambia yote palepale. Ya Bweri, ya mwanamke niliyemwoza, ya ada, ya fundi. Alinyamaza kwa muda ambao sikuupenda. Halafu akasema, "Kijana wa watu nilimnyima maandazi." Hiyo tu. Kuhusu 280,000 hakusema kitu.

Kama ningekuwa natunga, ningeishia hapo, mzee mwenye busara na msomi aliyefundishwa. Lakini mjukuu, ambaye shuleni walikuwa wameelezwa, alitaka kutuonyesha kitu. Akabonyeza nyota 106 reli kwenye simu ya bibi yake ili kuona laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha taifa. Zikaja mbili. Shangazi ana moja.

Alikumbuka polepole. Ilikuwa wakati ule wa usajili wa alama za vidole, ulioanza Mei 2019 na kuwafanya watu wapange foleni hadi Januari 2020. Kijana mwenye kimashine alimwambia kidole hakijasoma, agandamize tena. Akagandamiza tena. Mikono ya mkulima haisomeki vizuri, hilo kila mtu analijua, kwa hiyo hakuona ajabu.

Nilikaa nikiitazama ile mbili. Miezi saba nilikuwa nimemchukia mwanamke wa Bweri kwa jina lake lote, nikilitamka usiku. Sikuwahi kufikiri kwamba huenda naye ni bibi wa mahali fulani, aliyeambiwa agandamize tena. Na huenda mtu mwingine, kwenye stendi nyingine, mguu mmoja ndani ya gari, alikuwa ameshaliona jina la shangazi yangu likitokea kwenye kioo, akalitafutia mume, akabonyeza.

Sijui niiweke wapi hasira yangu sasa. Shangazi aliuliza "ipi" na akapona, na kidole chake kikatumika pasipo kuulizwa. Mimi nililinda namba ya siri na nikaibiwa.

Jioni ile niliufungua ujumbe wa Machi, ambao sikuwa nimeufuta, nikautuma 15040, namba ya kuripotia matapeli, nikaandika na namba iliyonitumia. Nilichelewa miezi saba kwa sababu ya aibu. Laini ya pili ya shangazi ilifungwa wiki iliyofuata, alipokwenda mwenyewe Musoma na kitambulisho mkononi. Njiani kurudi alitaka tupitie Bunda kwanza, ambako si njia, akashuka na maandazi yamefungwa kwenye kitambaa, na nauli ya sisi wawili akailipa kwa noti.