Injini Mpya Haitaki Haraka

Watu wengi hudhani ya kuwa injini mpya, kwa sababu ni mpya, ina nguvu zake zote siku ile itokapo dukani. Sivyo. Injini mpya ni kama mtoto wa darasa la kwanza: mkono anao na akili anayo, walakini mkono haujazoea kalamu. Jambo hili nimelisoma katika injini moja ndogo sana, isiyozidi ngumi ya mtoto, nami naona yafaa niwaandikie wasomaji, maana mafundisho yake yafaa pia kwa injini kubwa zilizomo vijijini mwetu.

Mwalimu mmoja wa useremala, mgeni kutoka Uingereza, alipomaliza muda wake wa kazi aliiachia shule yetu kisanduku. Ndani yake mlikuwa na injini ya ndege ya mfano, rafadha mbili za mti, mabati mawili ya mafuta, na karatasi ya maelezo. Injini ile ilikuwa haijapata kuwashwa hata mara moja. Ujazo wa silinda yake ni sentimeta za ujazo 2.5 tu, yaani kadiri ya nusu ya kijiko cha chai. Wanafunzi wa darasa la saba walikuwa wamekwisha kuunda ndege ya mbao nyepesi, nao walikuwa wakiingojea. Halmashauri ya shule ikaagiza kwamba ndege iruke siku ya wazazi, na siku hiyo ilikuwa imebakiza majuma mawili. Injini nyingine hatukuwa nayo, wala fedha ya kuinunua. Hii moja ikiharibika, kazi ya watoto ya muhula mzima ingekuwa pambo la ukutani.

Injini za namna hii huitwa dizeli, kwa jina la Rudolf Diesel, Mjerumani aliyefaulu kuendesha injini yake kubwa mwaka 1897. Zile ndogo za ndege za mfano zilikuja baadaye. Katika Uswisi ilianza kuuzwa moja iitwayo Dyno mwaka 1941, na vita vilipokwisha, mwaka 1946, Waingereza wakatoa yao iitwayo Mills, yenye ujazo wa 1.3. Hazina plagi wala betri. Pistoni hubana hewa iliyochanganyika na mafuta, na joto la kule kubanwa ndilo liwashalo moto.

Mafuta yake si ya kawaida. Huchanganywa theluthi kwa theluthi: etha, mafuta ya taa, na mafuta ya mbarika. Etha hushika moto kwa joto dogo kuliko mafuta ya taa, na kwa hiyo ndiyo iwashayo. Mafuta ya taa hutia nguvu. Mafuta ya mbarika hulainisha vyuma, wala hayaachani na chuma upesi joto likizidi. Hapa nawaonya wasomaji: mvuke wa etha ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kama maji, na ukifikia taa au jiko huwaka na kurudi mpaka kwenye chombo ulikotoka. Sisi tulifanya kazi yetu nje, mbali na moto wowote, na watoto walisimama nyuma ya injini, si ubavuni mwa rafadha.

Injini ina mambo mawili ya kurekebisha. La kwanza ni sindano ya mafuta: ukiifungua, mafuta huingia mengi, ukiifunga, huingia machache. La pili ni parafujo iliyo juu ya kichwa, ambayo huongeza au hupunguza mbano. Tuliikaza injini kwa bolti juu ya kigogo kizito, nikampa mwanafunzi mmoja daftari ya kuandika kila tulilolitenda. Nikaweka sheria moja: hatubadilishi mambo mawili kwa wakati mmoja. Maana ukigeuza sindano na parafujo pamoja, injini ikawaka, hujui ni lipi lililoiponya. Na ikikataa, hujui ni lipi lililoiharibu.

Siku ya kwanza haikuwaka. Tuliizungusha rafadha kwa kijiti kilichofungwa kitambaa kinene, maana rafadha hukata kidole, lakini hatukusikia hata mlio mmoja. Kabla ya kugusa parafujo nikanusa mafuta. Harufu ya etha ilikuwa hafifu. Tukalitazama bati, tukaona kutu imekula ukingo wa kifuniko. Etha huchemka kwa joto la digrii 35, basi katika nchi ya jua kama yetu tundu la sindano latosha kuimaliza. Mafuta yaliyobaki yalikuwa mazuri kwa kulainisha, lakini hayakuwa na kitu cha kuwasha. Tukafungua bati la pili, ambalo kifuniko chake kilikuwa kizima, na baada ya majaribio machache injini ikalia.

Siku ya pili rafadha ilikwama kabisa, kana kwamba imegonga jiwe. Kijana mmoja mwenye nguvu akataka kuizungusha kwa mikono miwili. Nikamzuia. Mafuta yalikuwa yamejaa juu ya pistoni, na mafuta hayabanwi kama hewa. Ukilazimisha, mkono wa chuma ushikao pistoni utapinda. Tukalegeza parafujo, tukaigeuza injini ili tundu la moshi litazame chini, mafuta yakatoka, ikawa huru. Siku ya tatu iliwaka kwa nukta chache, kisha ikazima, na hivyo mara nyingi. Tulipoitoa sindano tuliona unyuzi mwembamba wa kitambaa katika njia ya mafuta. Tangu hapo hatukutia mafuta yasiyochujwa.

Hapo ndipo ilipoanza kazi yenyewe ya kuizoeza. Pistoni ya injini hii haina ringi. Imesuguliwa pamoja na silinda yake hata zikalingana, na inapokuwa mpya hubana sana hapo juu. Ukiikimbiza mara moja, joto hupanda, utando wa mafuta hupasuka, chuma hukwaruza chuma. Mkwaruzo huo haurudi. Na kwa kuwa injini hii haina uhai mwingine ila mbano, mbano ukipotea yenyewe imekufa.

Kwa hiyo tuliiendesha kwa mafuta mengi na mbano mdogo, ikienda polepole na kukohoa, dakika mbili tu. Kisha tuliiacha ipoe mpaka iweze kushikwa mkononi. Kisha dakika mbili tena. Mafuta yaliyotoka kwenye tundu la moshi yalikuwa meusi, kwa sababu ya unga wa chuma uliosagika. Siku baada ya siku weusi ulipungua. Ndipo tulipoanza kuifunga sindano kidogo kwa nukta kumi, ikimbie, na kuifungua tena ipumzike. Hesabu yetu ilikuwa dakika arobaini kabla ya kuitwika kazi nzito.

Siku moja ilianza vizuri, kisha ilipopata joto ikalemewa, sauti ikawa nzito. Fundi wa mashine ya kusaga, mtu mwenye ujuzi mwingi na rafiki wa shule, alikuwa akitazama. Akasema, “Mwalimu, imeishiwa nguvu. Kaza hiyo parafujo.” Nikamjibu, “Fundi, wewe umetangulia katika kazi hii, lakini tujaribu kwanza kulegeza.” Tukalegeza robo ya mzunguko, sauti ikawa nyepesi, mwendo ukaongezeka. Mbano uliofaa injini ikiwa baridi huwa umezidi ikipata joto. Fundi akacheka, akasema kwamba injini yake ya kusaga haina parafujo kama ile. Na ni kweli, kila chombo kina desturi yake.

Siku ya wazazi ilipofika daftari ilionyesha dakika ishirini na mbili tu. Mwenyekiti wa halmashauri akaniita kando. “Mwalimu, watu wamekuja kuona ndege. Inawaka. Kwa nini isiruke?” Nikasema, “Mzee wangu, kuwaka yawaka, lakini haijakomaa. Ikiruka leo itakimbia kwa nguvu zote dakika tatu bila kupumzika, wala huko angani hatuna mkono wa kuilegeza. Nipe majuma mawili.” Hakufurahi, lakini hakunilazimisha. Wanafunzi waliiendesha juu ya kigogo mbele ya watu, wakaeleza kazi ya kila kiungo. Wengine walisikiliza, wengine walinung'unika. Baba wa kijana mmoja aliyeunda mabawa alikuwa amesafiri siku nzima. Akarudi kwake asiione kazi ya mwanawe ikiruka. Jambo hilo lilinihuzunisha, wala siliiti dogo.

Baada ya siku kumi na mbili dakika arobaini zilitimia. Mafuta yaliyotoka yalikuwa masafi, na injini ilikwenda tangi zima kwa nguvu zote pasipo kulemewa. Ndege ile huongozwa kwa nyuzi mbili za chuma, nayo huzunguka kumzunguka mwenye kuzishika. Yule kijana wa mabawa ndiye aliyekuwa na zamu ya kwanza. Iliruka mpaka mafuta yakaisha, ikatua kwenye majani, ikavunja rafadha moja tu. Mpaka leo injini ile yafanya kazi, na darasa jingine laitumia.

Ndugu wasomaji, wengi wetu hatutakuwa na injini ya ndege ya mfano. Lakini kijana anunuaye pikipiki mpya, akaipakia abiria wawili na gunia siku ile ile, na chama kinunuacho pampu ya maji kikaiendesha kutwa nzima kwa sababu bustani imekauka, wamo katika habari hii. Someni karatasi ya maelezo kabla ya kuwasha. Chujeni mafuta. Chombo kikikataa, msikilazimishe, bali tafuteni sababu, na mbadilishe jambo moja moja, mkiandika. Watu watakapowahimiza mfanye haraka, wajibuni kwa heshima, lakini hesabu ya dakika msiipunguze. Atakayelaumiwa kwa kukawia atalaumiwa siku chache. Aliyeiunguza injini ya watu wote hana la kuwarudishia.