Kuuliza Njia kwa Kihispania

Msomaji mpenzi, kama siku moja utajaliwa kwenda Hispania kuhiji kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo Mtume, usihangaike kwanza na maneno ya salamu wala ya bei. Salamu utaitikiwa hata ukiinamisha kichwa tu, na bei huandikwa. Jifunze kwanza maneno ya mahali: karibu, kando, mbele, nyuma, kulia. Mimi niliyapuuza, nikakiona cha mtema kuni.

Mwaka 2023 nilifuatana na kundi la mahujaji, nami nilikuwa karani wao wa kutunza hati na mizigo. Tulianza kutembea kutoka mji wa Sarria, katika jimbo la Galicia, kaskazini-magharibi ya Hispania. Kutoka hapo mpaka Santiago de Compostela ni kama kilomita 115. Mahujaji wengi huanzia Sarria, kwa sababu anayekwenda kwa miguu na kutaka cheti cha hija hupaswa kutembea kilomita 100 au zaidi. Njiani kuna mishale ya manjano na nguzo fupi zenye alama ya kombe la bahari, nayo hukuongoza vizuri, mradi usiangalie pembeni.

Usiku wa kwanza tulilala Portomarín. Mji huo ulihamishwa juu ya kilima katika miaka ya 1960, maana bwawa lilijengwa katika mto Miño, na mji wa zamani ukazama. Kanisa lao walilibomoa jiwe kwa jiwe, wakalijenga upya huko juu. Ukisogea karibu utaona mawe mengine bado yana namba. Mwenyeji mmoja alinyosha kidole mtoni akasema, “Debajo del agua,” yaani chini ya maji. Hilo ndilo neno la mahali la kwanza nililolishika vema.

La pili nililishika jioni ile ile, kwa ajili ya vitanda. Nyumba za kulala mahujaji zina vitanda vya ghorofa, kimoja juu ya kingine. Katika kundi letu alikuwamo mzee mmoja, katekista wa siku nyingi, mwenye magoti mabovu na ugonjwa wa kisukari. Nikajifunza kusema abajo, chini, ili asipewe kitanda cha arriba, juu. Hiyo j huitamka kama kh ya kheri.

Basi nilipoendelea kusikiliza nikaona kwamba watu hawa hupima mahali kwa viungo vya mwili, kama sisi. Sisi husema mkono wa kulia. Wao husema a mano derecha, na mano ni mkono. Sisi tuna bega kwa bega. Wao hombro con hombro, neno kwa neno. Uso kwa uso ni cara a cara. Kitu kilichokuelekea kiko enfrente, na frente ni paji la uso. Mtu aliyekupa kisogo yuko de espaldas, na espalda ni mgongo. Kijiji kilicho chini ya mlima wao hukiweka al pie, mguuni pa mlima. Tena wana kitenzi chao peke yake, estar, cha kusema kitu kiko wapi, mbali na kile cha kusema kitu ni nini. Nasikia Waingereza hutaabika nacho sana. Sisi wenye yuko, yupo na yumo, tutashangaa nini?

Lakini kujua maneno kumi si kujua njia. Siku ya nne, baada ya mji wa Arzúa, nilibaki nyuma nishone kamba ya mkoba wangu. Wenzangu wakatangulia. Katika kitongoji kimoja nilikosa mshale, nikamwuliza bibi aliyekuwa akichuma mboga. Akaniambia, “Todo derecho.” Mimi nikasikia derecha, kulia, nikapinda kulia mara moja. Kumbe derecho, lenye o mwishoni, maana yake ni moja kwa moja! Herufi moja tu, nayo ilinitia katika msitu wa mikaratusi kwa muda wa saa nzima na zaidi.

Msomaji, nisingeogopa kupotea peke yangu. Lakini mkobani mwangu ilikuwamo dawa ya sindano ya yule mzee, ambayo huchomwa kabla ya chakula cha jioni. Jua lilikuwa linashuka. Nikaanza kukimbia bila kujua ninakimbilia wapi, na hilo ni kosa la pili.

Nikatokea penye zizi la ng'ombe. Mwenye zizi hakunipa hotuba. Alinishika kiwiko, akanigeuza mpaka ng'ombe wakawa mgongoni pangu, akanyosha mkono: “Allí, la iglesia.” Kanisa, pale. Kisha: “Detrás de la iglesia, pegado al muro.” Nyuma ya kanisa, limebandikana na ukuta, ndiyo nyumba yenu.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba wao pia wana hatua tatu za umbali. Allí ni pale, mbali nasi sote. Nilipokwenda robo saa nikamwuliza mtoto, akasema “ahí”, yaani hapo, nikajua nimekaribia. Penye mlango wa kanisa mama mmoja akacheka, akasema “aquí mismo”, hapa hapa. Maneno hayo matatu yalinituliza moyo kuliko mishale yote.

Nikamkuta mzee ameketi, cara a cara na sahani yake ya supu iliyokwisha kupoa. Hakuonja.

“Shikamoo, mzee. Nisamehe.”

“Marahaba, mwanangu. Ulikuwa wapi?”

“Nilikwenda kulia.”

“Nasi tulikwenda mbele,” akasema, akakunja mkono wa shati apate kuchomwa.

Siku mbili baadaye tulikuwa ndani ya kanisa kuu la Santiago. Hapo kuna ngazi nyembamba nyuma ya altare kuu. Mahujaji hupanda mmoja mmoja, wakaikumbatia sanamu ya Mtume kwa nyuma, mikono juu ya mabega yake. Mzee alipanda akiegemea mkono wangu, akipumzika kila daraja. Alipofika alilaza shavu lake juu ya bega la Mtume, akakaa hivyo mpaka walio nyuma yetu wakaanza kukohoa.

“Hapa tulipo, wao hupaitaje?” akaninong'oneza.

“Detrás.”

“Na kaburi lenyewe?”

“Abajo. Chini ya altare.”

“Basi nipeleke abajo,” akasema, na kh yake ilikuwa nzuri kuliko yangu.