Shira Itokayo Mtini: Ramadhani Katika Misitu ya Vermont

Katika nyumba zetu, neno shira halihitaji kufafanuliwa. Ndiyo imiminwayo juu ya kaimati jioni za Ramadhani, ndiyo ivishwayo visheti hadi vikawa vyeupe, na kila mtoto aliyelelewa karibu na jiko anajua kuwa hutengenezwa kwa sukari, maji, iliki na subira ya mama. Lakini iko nchi ambayo shira haianzi katika mfuko wa sukari. Huanza ndani ya mti, nao mti hugemwa kama wagema wetu wanavyougema mnazi. Tofauti ni kwamba mgema wa huko hapandi juu. Husimama chini, theluji ikiwa magotini, akatoboa shina.

Nchi hiyo ni kaskazini-mashariki ya Marekani pamoja na jirani yake Kanada, na mti wenyewe huitwa mepo. Jani lake wengi wetu tumeliona bila kulijua jina, kwa kuwa ndilo lililochorwa kwa rangi nyekundu katikati ya bendera ya Kanada. Jimbo la Quebec, lililoko Kanada, ndilo linaloongoza duniani kwa shira hii. Ndani ya Marekani, nafasi ya kwanza ni ya Vermont, jimbo dogo la milima na misitu.

Tulifika Vermont katikati ya Machi 2025, ambayo ilikuwa kumi la kati la Ramadhani ya mwaka 1446. Wenyeji wetu walikuwa familia ya Wabantu wa Somalia wanaoishi karibu na mji wa Burlington. Ndugu msomaji pengine anaijua habari yao: mababu zao walichukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka sehemu za Tanganyika, Msumbiji na Malawi, wakapelekwa bonde la mto Juba. Vita vya Somalia viliwakimbiza hadi kambi za wakimbizi nchini Kenya, na kuanzia mwaka 2003 maelfu kati yao walipokewa Marekani. Baadhi yao wangali wanazungumza Kizigua, lugha ya Handeni. Mama wa nyumba tuliyofikia alikuwa mmoja wao, na Kiswahili chake alikipata kambini. Ndiye aliyetuambia, "Wanangu, msiondoke hapa bila kuiona miti inayotoa sukari." Ndiye pia aliyetupeleka kwa mzee mmoja, jirani mwenye shamba, ambaye amekuwa akimwuzia shira kwa miaka kadhaa.

Usiku wa baridi, mchana wa jua

Msimu wa kugema ni mfupi. Kwa kawaida huanza mwishoni mwa Februari na kumalizika Aprili, nao hautii amri ya kalenda bali ya hali ya hewa. Unahitaji usiku wenye baridi ya kugandisha maji, ukifuatwa na mchana wenye joto la kuyeyusha. Katika majira ya joto yaliyopita mti ulijiwekea wanga. Wanga huo hugeuka sukari, na panda-shuka ya baridi na joto huufanya mti unyonye maji usiku na kuyasukuma mchana. Ikiwa baridi itashikilia kutwa, hakuna kinachotiririka. Ikiwa joto litazidi na machipukizi yakafunguka, utomvu huharibika ladha na msimu umekwisha.

Mzee alituonyesha namna ya kutoboa. Tundu lenyewe ni jembamba, upana wake hauzidi milimita 8, na kina chake ni kama sentimita 4 au 5. Humo huingizwa kibomba kidogo, na utomvu hudondoka katika ndoo iliyotundikwa shinani, au, kama ilivyo katika mashamba mengi ya leo, hupita katika mirija ya plastiki inayoshuka mlimani kutoka mti hadi mti mpaka kwenye pipa. Msimu ukiisha kibomba hung'olewa na mti hulifunga jeraha lake wenyewe. Mwaka unaofuata hutobolewa pengine, kamwe si pale pale.

Mti haugemwi ukiwa mdogo. Hungojwa hadi shina lifikie upana wa sentimita 25 au zaidi, na hilo huchukua takriban miaka 40. Kwa hiyo anayeutunza mche leo, mara nyingi anamtunzia mjukuu. Mzee alipotuambia kwamba miti mikubwa iliyotuzunguka iliachwa na babu yake alipokuwa akisafisha shamba, baba yetu alimjibu kwamba katika dini yetu mwenye kupanda mti huandikiwa sadaka kwa kila kiumbe atakayekula humo. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema babu yake angelipenda kulisikia hilo.

Lita 40 kwa lita 1

Utomvu utokao mtini ni mweupe kama maji, na utamu wake ni wa mbali sana, kwani sukari iliyomo ni kama asilimia 2 tu. Ndiyo maana zinahitajika takriban lita 40 za utomvu ili kupata lita 1 ya shira. Kingine chote ni maji ambayo hayana budi kuondoka kwa moto. Wala hauwekwi ukangoja, maana siku ya joto huchacha kama maziwa, ukiteremka, hupikwa.

Banda la kupikia lilikuwa la mbao, na paa lake lina mwanya juu kwa ajili ya mvuke. Tuliuona mvuke huo tungali mbali, ukipanda juu ya miti kama moshi wa karamu. Ndani yake mna karai refu la chuma lililogawanywa vijia, juu ya tanuri la kuni. Utomvu huingia upande mmoja na kwenda polepole kijia hadi kijia, ukizidi kuwa mzito na kubadilika rangi, mpaka upande wa pili ukawa shira. Dalili ya kuiva ni joto: ikifika nyuzi 4 za Selsiasi juu ya kiwango cha kuchemka kwa maji, yaani takriban nyuzi 104, imekuwa tayari. Ikitolewa mapema itaota ukungu. Ikichelewa itaganda kuwa sukari. Baada ya hapo huchujwa ili kuondoa mchanga-mchanga wa madini uliotokana na kuchemka, ikatiwa chupani ingali moto.

Hakuna kingine kinachoongezwa: si sukari, si rangi. Shira ya mwanzo wa msimu huwa na rangi ya dhahabu na ladha laini. Kadiri siku zinavyosonga huwa ya hudhurungi na ladha yake hukolea. Vijana wetu walidhani ile nyeusi ndiyo iliyochanganywa na kitu. Kumbe ni ile ile, imechelewa tu kuteremka.

Swali la povu

Tulikuwa tumesimama kando ya karai pale utomvu ulipofura ghafla na povu likapanda hadi karibu kumwagika. Mzee alinyoosha mkono, akachukua kichupa, akadondosha matone mawili matatu, na povu lote likaanguka kama lililoamrishwa. Kijana wetu wa miaka 13, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiihesabu funga yake kwa saa, alimwuliza, "Babu, hicho ulichotia ni nini?"

Mama mwenyeji alipolifasiri swali hilo, mzee alicheka na kusema kwamba hilo ndilo swali ambalo wageni hawaulizi. Akaeleza bila kuficha kwamba wakati wa babu yake palikuwa na desturi ya kutundika kipande cha mafuta ya nguruwe kwa uzi juu ya karai. Povu likipanda likakigusa, hushuka. Wengine walitumia siagi au malai. Kila mmoja alitumia alichokuwa nacho jikoni, na hakuna aliyedhani kuwa ni jambo la kuandika kwenye chupa.

Hapo sote tulinyamaza. Katika mkoba wa mama mwenyeji mlikuwa na kaimati alizozipika usiku kwa ajili ya futari, zikingojea shira ya banda hilo. Yeye mwenyewe ameinunua miaka yote hiyo. Aliweka mkoba chini na kuuliza kwa sauti ya taratibu, "Na wewe, mzee, hutumia nini?"

Mzee akampa kile kichupa mkononi. Kilikuwa mafuta ya alizeti. Akasema kwamba ile desturi ya nguruwe ilikwisha kwake zamani, baada ya wanunuzi wa Kiyahudi, ambao nao hawali nguruwe, kumwuliza swali hilo hilo. Mama mwenyeji aliyasoma maandishi ya kichupa mara mbili, akamrudishia, akasema "Alhamdulillah" kwa namna ambayo haikuhitaji mkalimani.

Tunalisimulia jambo hili kwa sababu lina faida kwa kila nyumba. Leo wapikaji wengi hutumia mafuta ya mimea au dawa maalumu za kuzima povu, lakini dawa hizo si zote za asili moja, na kwa kuwa kinachotiwa ni matone tu, chupa haikitaji. Kuuliza si ujinga, wala si kumvunjia mtu heshima. Mzee yule hakukasirika. Alifurahi kuulizwa na mtoto aliyefunga.

Sukari isiyo na damu

Waliokuwa wa kwanza kuijua siri ya mti huu ni wenyeji wa asili wa nchi ile, kama vile Waabenaki, kabla Wazungu hawajafika. Walowezi walijifunza kwao. Mwishoni mwa karne ya 18 sukari ya mepo ilipewa maana nyingine. Wakati huo sukari ya miwa ya visiwa vya Karibi ilikuwa kazi ya watumwa, na wapinga utumwa wakahimiza watu waitumie ya mepo badala yake. Mwaka 1791 daktari wa Philadelphia aliyeitwa Benjamin Rush alimwandikia Thomas Jefferson barua ndefu kuisifu miti hii. Jefferson aliagiza miche akaipanda kwake Virginia, lakini haikumpa sukari aliyoitarajia. Na mashamba yake mwenyewe yaliendelea kulimwa na watumwa. Vermont, kwa upande wake, ilikuwa imekwisha kuandika katika katiba yake ya mwaka 1777 katazo la kuwatumikisha watu wazima utumwani.

Mzee alitusimulia habari hizo huku akichochea kuni. Mama mwenyeji alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba katika ukoo wao husimuliwa juu ya waliotoka Uzigua kwa miguu hadi pwani, na kwamba si wote waliofika. Nasi tuliotoka Tanga tulijua kwamba Pangani pia ilikuwa na mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, na wenye mashamba hayo walikuwa Waislamu. Hatukuwa na la kuongeza. Tuliutazama moto.

Futari bandani

Jua lilitua karibu saa 1 kamili ya jioni. Tulifuturu kwa tende, na badala ya maji mzee alimpa kila mmoja kikombe cha utomvu mbichi, baridi, kama ulivyotoka mtini. Tuliswali Maghribi juu ya mikeka penye rundo la kuni, ubaridi ukipenya mbaoni, na mzee akapunguza moto ili mlio wa karai usitusumbue.

Ndipo kaimati zikatolewa. Mama mwenyeji alizimwagia shira ingali moto, na harufu yake haikuwa ya iliki bali ya kuni, siagi na kitu kama karameli. Mke wa mzee alituletea mchezo wa watoto wa huko: shira iliyochemshwa zaidi na kumwagwa juu ya theluji safi, ikaganda papo hapo kuwa ubani wa kuvuta. Huliwa pamoja na achari ya matango yenye uchungu wa siki, ili mtu apumzike na utamu, na pamoja na donati. Donati tuliziuliza pia zimekaangwa kwa mafuta gani. Mke wa mzee akaonja kaimati mbili, kisha ya tatu, akaomba aandikiwe jinsi ya kuzipika.

Kwa atakayenunua

Shira ya mepo sasa hufika hata katika maduka makubwa ya miji yetu, nayo ni ghali. Basi soma maandishi ya chupa. Iliyo halisi hutaja kitu kimoja tu, shira ya mepo. Iliyo ya kuiga huwa ni shira ya mahindi iliyotiwa rangi na harufu, hata kama chupa imepambwa kwa jani. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta unyevu uliofichwa chini, alimkemea muuzaji. Ukiwa na shaka juu ya kizima povu, mwandikie mtengenezaji umwulize; zipo pia chupa zenye alama ya halali, na zenye alama ya Kiyahudi ya kosher.

Chupa ikishafunguliwa iwekwe kwenye jokofu, isije ikaota ukungu. Na wenye maradhi ya kisukari wakumbuke kwamba, pamoja na usafi wake wote, sukari ni sukari.

Mama mwenyeji ameahidi kutuletea lita moja atakapokuja Handeni, In shaa Allah, kuitazama nchi ambayo lugha yake anaijua lakini hajapata kuiona kwa macho. Tumemwambia asilete kaimati. Hizo atazikuta.